Sufuria Salama Juu ya Jiko la Gesi
Watu wengi hudhani kwamba hatari ya jiko la gesi imo katika mtungi peke yake. Fikira hiyo ni pungufu, kwani sufuria nayo ina sehemu yake. Maji yachemkayo huizuia sufuria isipate joto lipitalo sana nyuzi 100 za Sentigredi. Yakikauka, kinga hiyo hutoweka. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660, na mwali wa gesi una joto kubwa kuliko hilo. Yafaa basi kuchagua sufuria nzito yenye kitako bapa, isiyoyumba, na kupunguza moto usipande ubavuni ukaunguza mpini. Somo la joto lastahili kufundishwa jikoni kama linavyofundishwa maabarani.