Picha Iliyokuwa Chini ya Kanga

Wiki jana tulifungua sanduku la marehemu mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Chini ya kanga zake tukaikuta picha moja isiyo ya rangi, kingo zake zimeliwa na mende. Mama amekaa uani juu ya kigoda, kichwa wazi, anacheka, mkono u juu ya mpini wa pipa la aiskrimu. Ilikuwa Idi.

Mpini huo tuliugombania. Ndani ya pipa la mbao mlikuwa na kopo la maziwa, sukari na iliki. Kulizunguka kopo, barafu iliyopondwa katika gunia na chumvi ya mawe. Barafu peke yake haitoshi kugandisha maziwa. Chumvi huifanya iyeyuke, na maji yake yakawa baridi kuliko barafu yenyewe. Aliyefunika kopo vibaya alitulisha chumvi, nasi tulikula vivyo hivyo.

Binti yangu alitaka kuipiga picha ile kwa simu awapelekee jamaa wote. Nikamzuia. Akanuna: “Mama, nyanya si ameshafariki?” Ndiyo, lakini aliyempiga picha ni mumewe, ndani ya nyumba yake, naye akaisitiri miaka yote. Sikuona kwamba mauti yamenipa ruhusa aliyoninyima yeye.

Tumeafikiana waje wanawake wa ukoo waione kwa macho, na siku hiyo tuzungushe aiskrimu. Kipimo cha iliki hakukiandika popote. Dada yangu ashikilia punje saba. Mimi nasema kumi na mbili.