Liyongo Angali Amngoja Mwandishi

Agosti mwaka 2024 nilikuwa Kibabii, karibu na Bungoma. Ulikuwa mwaka wa tohara, kwani Wabukusu hutahiri miaka ya shufwa. Alfajiri kijana alitoka mtoni kapakwa matope, jamaa zake wakimwimbia. Nikauliza wimbo huo una maana gani. Mtoto wa miaka kama kumi akanieleza, bila ya kumwuliza mkubwa, habari za Mango aliyeliua joka na ndipo akatahiriwa. Niliona haya. Je, ni watoto wangapi wa mitaa yetu wawezao kumweleza mgeni Fumo Liyongo ni nani?

Mkobani nilikuwa na riwaya ya Shivaji Sawant, Mrityunjay, yaani Mshinda Mauti, aliyoiandika kwa Kimarathi mwaka 1967, nami naisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Ametoa katika utenzi mkongwe wa Mahabharata shujaa mmoja, Karna, aliyezaliwa na deraya mwilini, akatupwa mtoni na mamaye, akalelewa na mwendesha gari la farasi, kisha vita vikamkuta upande wa pili na ndugu zake. Sawant hakukisimulia kisa kwa kinywa kimoja. Asema Karna, asema mkewe, asema na yule mama aliyemtupa. Msomaji aliyekuja kumhukumu mama huyo hujikuta anasita.

Najua yuko atakayeniuliza, "Maalim, hadithi za Wahindu zina nini nasi?" Namjibu kwa adabu. Kalila na Dimna asili yake ni Bara Hindi. Ilipitia Uajemi, Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu karne ya 8, na Waislamu wakaisoma wasipungukiwe na imani. Maulamaa nao waliyadurusu mashairi ya zama za Jahiliya wapate kuifahamu lugha ya Kurani. Kusoma si kusujudu.

Liyongo naye hakudhurika ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa mke na mfalme wa Pate. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alituandikia utendi wake mwaka 1913, na Emmanuel Mbogo akamtungia tamthilia. Lakini yule mwana, nani amempa kinywa cha riwaya nzima? Aliposimama na sindano mkononi, babaye kalala, aliwaza nini? Na yule bibi aliyeficha tupa ndani ya mkate ili mwanawe atoke kifungoni, alimtazamaje mjukuu wake baadaye?

Wako watakaosema kwamba huko ni kumtetea msaliti. La hasha. Hata leo vijana wetu hughilibiwa kwa ahadi, nasi wazazi hatujui mpaka siku ya msiba. Kumlaani mwana wa Liyongo ni rahisi. Kujua ahadi ile ilimwingiaje moyoni ndiko kutakakotufaa.

Basi vijana wa Lamu, Siyu na Mombasa, msingoje mgeni aje awaandikie. Mwacha asili ni mtumwa. Mtoto wa Kibabii anamjua Mango wake. Na wenu nao wamjue Liyongo, na yule aliyemwua.