Mvuvi wa Kojani ajua alipo, nchi kavu haijui

KISIWA cha Kojani, katika Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba, kinaishi kwa uvuvi. Wanaume wake ni mashuhuri kwa kwenda dago, yaani kuhama kwa muda na kupiga kambi katika fukwe za mbali, kuanzia Unguja na Tanga hadi mwambao wa Kenya. Kwa watu wa aina hiyo, mawasiliano baharini si anasa bali ni suala la uhai.

Wavuvi hao hutumia mawimbi ya sumakuumeme kila usiku wa kazi. Mawimbi hayo ni jamaa moja yenye safu ndefu: redio, mikrowevu, mawimbi ya joto, nuru tuionayo, eksirei na mengineyo. Yote husafiri angani kwa kasi ya kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Kinachoyatofautisha ni urefu wa wimbi. Wimbi la redio ya FM lina urefu wa mita tatu hivi, ilhali la nuru halifiki hata sehemu ya elfu ya milimita.

Nuru ndiyo chambo cha mvuvi wa dagaa. Nyakati za giza, mwezi usipoonekana, taa huwashwa juu ya maji na dagaa wakakusanyika. Karabai ilipoteza sehemu kubwa ya mafuta yake kwa kutoa joto. Taa za LED hutoa nuru nyingi zaidi kwa nishati ndogo.

Simu mkononi mwa nahodha nayo hupokea mawimbi ya GPS kutoka satelaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu ya dunia. Huduma hiyo ni bure, na hupatikana hata pasipo mtandao. Hata hivyo, simu hapo husikiliza tu. Ili nahodha awaeleze wengine alipo, lazima simu yake iufikie mnara, na minara hujengwa kuwahudumia wateja wa nchi kavu. Hivyo, mashine ikizimika mbali na pwani, mvuvi aweza kujua mahali alipo kwa usahihi wa mita chache, pasiwe na mtu mwingine anayejua.

Njia za kuziba pengo hilo zipo. Ya kwanza ni redio ya VHF ya baharini, ambayo chaneli yake ya 16, megahezi 156.8, imetengwa duniani kote kwa wito wa dharura. Mawimbi yake hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, hivyo kimo cha antena ndicho huamua umbali. Vyombo viwili vyenye antena za mita mbili huweza kusikizana kwa kilomita 12 hivi; kituo chenye mnara wa mita 50 kingevisikia kwa kilomita 35 hivi. Ya pili ni kifaa cha dharura cha megahezi 406, ambacho hupeleka wito kwa satelaiti za mfumo wa kimataifa wa uokoaji, hata pasipokuwa na mnara.

Kikwazo ni gharama na mpangilio. Masafa ni rasilimali ya taifa inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) tangu mwaka 2003, na sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili huduma zifike kusikowavutia wafanyabiashara. Ni vigumu kutaja mahali panapostahili sifa hiyo kuliko bahari iliyo mashariki ya Pemba. Mfuko huo, kwa kushirikiana na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ya Zanzibar, ungeweza kugharimia vituo vya kusikiliza saa 24 na vifaa vya kuazimwa na vikundi vya dago.

Hapana shaka kwamba redio haiwezi kuchukua nafasi ya jaketi la kuokolea, wala haiponyi chombo kilichopakia kupita kiasi, kama ilivyokuwa kwa MV Spice Islander I iliyozama Septemba 10, 2011. Redio isiyo na msikilizaji nayo haina faida. Kwa hiyo vifaa viende sambamba na watu wa kupokea wito na boti za kuuitikia. Maadamu mawimbi ni mali ya wote, mvuvi aliye nje ya upeo wa mnara naye ana haki ya fungu lake.