Macbeth Alisingiziwa

Ewe msomaji, utajiwapo jina la Macbeth, wamwona nani? Hapana shaka wamwona mwenyeji aliyemchoma kisu mgeni wake, mfalme mzee, usiku kitandani. Ndivyo alivyotuonyesha Shakespeare yapata mwaka 1606. Na tangu S. S. Mushi alipoutia mchezo ule katika Kiswahili mwaka 1968, twamlaani Macbeth kwa lugha yetu pia. Mimi nasema mtu huyo alisingiziwa.

Macbeth wa kweli alitawala Waskoti miaka 17, toka 1040 hata 1057. Duncan hakuwa mzee, wala hakuuawa usingizini. Alikuwa bado kijana. Alipeleka jeshi Moray, nchi ya Macbeth, akafa vitani karibu na Elgin. Mwaka 1050 Macbeth alikwenda kuhiji Roma, akawagawia maskini fedha kwa wingi. Je, mnyang'anyi anayetetemekea kiti chake huthubutu kukiacha nyuma akashika safari ndefu namna ile?

Uongo basi ulitoka wapi? Ulitoka kwa waliokula matunda yake. Mwaka 1603 James, mfalme wa Uskoti, alipata na taji la Uingereza, na nasaba yake ilidaiwa kutoka kwa Banquo. Huyo Banquo hana hata alama katika kumbukumbu za zama za Macbeth. Tunamkuta kwanza katika historia aliyoiandika Hector Boece mwaka 1527. Holinshed akaichukua hadithi, na Shakespeare akaichukua kwa Holinshed. Lakini tazama alivyoichukua! Kwa Holinshed, Banquo ni mshirika katika njama ya kumwua Duncan. Katika mchezo ametakaswa, hana doa. Kwa Holinshed, Macbeth atawala miaka 10 kwa sheria njema; katika mchezo miaka hiyo imefutwa yote. Wachawi nao walipewa nafasi kubwa, na James alikuwa ametunga kitabu juu ya uchawi mwaka 1597.

Utanijibu kuwa mtunzi hana deni kwa historia. Vema; mchezo ni mzuri mno, nami nimeusoma zaidi ya mara moja. Lakini wewe unayesoma una deni. Usiandike katika karatasi ya historia yale uliyoyaona jukwaani.

Kwa Kigaeli, jina Macbeth maana yake ni mwana wa uhai. Leo waigizaji wengi wa Kiingereza huogopa hata kulitamka ndani ya ukumbi, wakihofia mkosi, husema tu “mchezo wa Kiskoti.”