Mgeni akwee majabali yetu, lakini mwenyeji naye apone

Wahenga walitufunza kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe akalime. Methali hii ilitoka katika jamii ambamo kazi na mahali havikutengana. Aliyelala kwako hakuwa na budi kulilima shamba lako. Siku hizi ameibuka mgeni wa namna nyingine, ambaye wahenga hawakumwazia. Huja na jembe lake mkobani, yaani tarakilishi ndogo ya kubebeka, na shamba analolilima liko London, Berlin au Toronto. Hukaa miezi mitatu au sita, hufanya kazi yake kwa njia ya intaneti, na muda unaosalia huutumia kwa lile lililomtoa kwao. Miongoni mwa wageni hao wamo ambao lililowatoa kwao ni kukwea majabali.

Kila theluji ianzapo kuanguka Ulaya, watu hawa hujiuliza waende nchi gani yenye joto, mwamba mzuri na mtandao wa kutegemewa. Wengi huelekea Uhispania, Ugiriki au Thailand. Kenya hutajwa na wachache. Hoja yangu ni kuwa Bonde la Ufa la kati, kutoka Naivasha hadi Nakuru, lina kila sababu ya kutiwa katika orodha hiyo. Hata hivyo, kabla ya kumngoja mgeni achague, sisi wenyeji nasi tuna uchaguzi wetu wa kufanya: tunamtaka mgeni huyu kwa masharti gani, na kwa faida ya nani?

Tuanze na yale tuliyojaliwa. Kusini mwa Ziwa Naivasha ipo Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, iliyotangazwa rasmi mwaka 1984, yenye ukubwa wa kilomita 68 hivi za mraba. Humo mna kuta za miamba ya volkano zilizosimama wima, na Mnara wa Fischer, nguzo ya jabali iliyopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya punda milia na twiga, na kukwea majabali si jambo geni humo. Mwezi wa Januari na Februari, Ulaya ikiwa imeganda kwa baridi, kwetu ni kiangazi.

Saa nazo zinatupendelea. Wakati wa baridi yao, sisi huwa tumeitangulia London kwa saa 3. Ambaye ofisi yake huko hufunguliwa saa tatu za asubuhi, akiwa Naivasha ataanza kazi saa sita za adhuhuri. Ina maana kuwa anaweza kurauka, akakwea kabla jua halijauchoma mwamba, akaoga, akala, na bado akawahi kazini. Mwenzake aliyechagua Thailand huianza kazi iyo hiyo saa kumi za alasiri na kuimaliza usiku wa manane. Fauka ya hayo, umeme unazalishwa papo hapo Olkaria, kwa mvuke wa ardhini, tangu mwaka 1981. Na nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari ziliifikia Mombasa mwaka 2009. Serikali nayo imefungua mlango: mnamo Oktoba 2024, Rais William Ruto alitangaza kibali maalumu kwa wageni wanaokaa nchini huku wakizifanyia kazi kampuni za nchi nyingine.

Basi, lipi lililopungua? La kwanza ni usalama. Korongo la Njorowa, lililo ndani ya mbuga hiyo, limewahi kuua. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mvua iliyonyesha mbali ilileta mafuriko ya ghafla mahali palipokuwa pakavu, na wazuru wakasombwa. Anayechagua pa kwenda kukwea huuliza swali ambalo matangazo ya utalii hayalijibu: nikivunjika mguu nikiwa mita 40 juu ya ardhi, ni nani atakayenishusha, na atanifikisha hospitali gani kwa muda gani? Nchi inayotaka wakwezi haina budi kuwa na jibu la swali hilo kabla ya kuchapisha picha za majabali.

La pili ni faida. Kisiwa cha Kalymnos nchini Ugiriki kilijulikana kwa wazamiaji wa sifongo, na kazi hiyo ilipofifia, watu wake wengi walihamia ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakwezi wakayagundua majabali yake. Leo wageni wanamiminika huko, na nyumba za wageni, mikahawa na maduka ya vifaa vya kukwea yanawalisha wenyeji. Huo ni upande mmoja wa sarafu. Upande wa pili tunauona Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako wenyeji wamelalamika kuwa wageni wenye mishahara ya nchi tajiri wamechangia kupandisha kodi za nyumba hata watoto wa mji hawazimudu.

Naivasha haiko mbali na hatari hiyo. Karagita, mtaa wa vibarua wa mashamba ya maua, uko kando ya barabara iyo hiyo impelekayo mgeni mbugani. Huko Olkaria, familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa umeme wa Olkaria IV. Watu waliokwisha kupisha maua na mvuke wasije wakaambiwa wampishe na mgeni wa tarakilishi.

La tatu linahusu taaluma yangu, nayo ni isimu. Kiswahili hakikosi neno la kazi hii. Pwani, mkwezi ni fundi anayejulikana na kulipwa. Huupanda mnazi kwa mikono na miguu, akaangua nazi au kugema tembo, na ujuzi wake hurithishwa. Kwa hiyo hatuna haja ya kubuni jina la mkwezi wa majabali. Tulichokosa ni lugha ya kazi yenyewe: majina ya kamba na mafundo, ya nyufa na vishikio, na zile amri fupi ambazo uhai wa mtu huzitegemea. Aliye juu akipaza sauti, aliye chini hana wasaa wa kutafsiri. "Shika!", "Legeza!", "Nashuka!" ni maneno ambayo kijana wa Naivasha angeyaelewa usingizini. Badala yake, wakwezi wa kwanza wa burudani hii nchini walikuwa walowezi na wageni, na Kiingereza ndicho kilichobaki kuwa lugha ya majabali. Kazi isiyo na msamiati katika lugha ya watu huonekana kwao kuwa kazi ya wengine.

Yupo atakayesema kuwa kukwea majabali ni starehe ya waliokwisha kushiba, na kwamba kijana wa Nakuru ana shida kubwa zaidi. Namkumbusha Iten. Wanariadha wa mataifa mengi huupanda mji ule ulio mita 2,400 juu ya usawa wa bahari kwa sababu mabingwa wa mbio ni wenyeji, nao wageni huja kukimbia nyuma yao. Huko mwenyeji ni mwalimu. Hell's Gate wapo vijana wachache wanaowafunga watalii kamba penye Mnara wa Fischer, lakini wengi wa wenyeji humhudumia mgeni kwa kumkodishia baiskeli tu. Aidha, tangu mwaka 2016 serikali imekuwa ikiwahimiza vijana, kupitia mpango wa Ajira Digital, kutafuta kazi mtandaoni. Wapo vijana wa Nakuru wanaozifanyia kampuni za ng'ambo kazi wakiwa vyumbani mwao, chini ya mlima wa Menengai, bila kuwahi kufundishwa kufunga kamba kiunoni. Nao pia ni wafanyakazi wa mbali. Tofauti ni kuwa hakuna anayewauliza wangependa kukwea wapi.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne. Mosi, Serikali ya Kaunti ya Nakuru na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ziunde kikosi cha uokoaji cha vijana wa Naivasha, waliofunzwa na wanaolipwa mshahara. Pili, sehemu ya ada za vibali vya wageni hawa irudishwe katika kaunti wanamoishi, igharimie kikosi hicho pamoja na makao ya vibarua. Tatu, shule za Naivasha na Nakuru ziwe na vyama vya kukwea, na wanafunzi wapunguziwe ada za kiingilio mbugani kwa ajili hiyo. Walimu wa Kiswahili nao wakae na waelekezi ili msamiati ukusanywe na kuandikwa, na majina ya Kimaasai ya miamba yahifadhiwe. Nne, zibainishwe kuta zisizokwewa majira ya kuzaliana kwa tumbusi, ambao huatamia katika majabali hayo, na kila mgeni aelezwe hivyo mapema.

Hayo yakifanywa, sina shaka kuwa mgeni atatuchagua, na akituchagua atamkuta mwenyeji juu ya mwamba akimtupia kamba. Yasipofanywa, ni afadhali aende Kalymnos, ambako wenyewe wamejiandaa. Wahenga hao hao walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kibali kimekwisha kumwambia mgeni njoo. Kupona kwa mwenyeji ndiko bado hakujaandikwa popote, na wa kuulizwa ni wale tuliowachagua Nakuru na Nairobi.