Mimba inapopita siku zake: Funzo la Bungoma kwa akina mama wa Sugoi

KATIKA kijitabu cha kliniki cha kila mja mzito kuna tarehe moja ambayo jamaa wote huihesabia siku: tarehe ya makadirio ya kujifungua.

Tarehe hiyo inapofika na kupita bila dalili yoyote ya uchungu, matumaini hugeuka kuwa wasiwasi. Mama mkwe hupiga simu kila asubuhi, majirani huanza kunong'onezana, na mwenye mimba hubaki na swali lisilo na jibu jepesi. Je, aendelee kusubiri au aende hospitalini akaanzishiwe uchungu kwa dawa?

Swali hilo ni zito zaidi kwa mama wa mashambani, katika maeneo kama Sugoi, eneobunge la Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu.

Sugoi inafahamika kote nchini kuwa nyumbani kwa Rais William Ruto. Hata hivyo, sifa hiyo haipunguzi safari ya mja mzito anayeishi katikati ya mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mvua inaponyesha, vijia vya ndani hujaa matope. Usiku, usafiri wa kutegemewa ni bodaboda. Zahanati ya kijijini humpima na kumshauri, lakini zahanati haina chumba cha upasuaji.

Mama huyo yuko kati ya pande mbili za barabara moja kuu, ile itokayo Eldoret kuelekea Malaba. Upande wa mashariki kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), ambayo ni ya rufaa ya kitaifa na ina kitengo cha akina mama na watoto cha Riley, kilichofunguliwa mwaka wa 2009. Upande wa magharibi, baada ya Turbo na Webuye, kuna Bungoma. Huko ndiko kulikozuka kesi ambayo kila anayezungumzia suala hili anapaswa kuikumbuka.

Kesi ya Bungoma

Mnamo Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya serikali ya Rais Uhuru Kenyatta kutangaza kwamba huduma za uzazi zitakuwa bila malipo katika hospitali za umma, mwanamke mmoja alifika katika hospitali ya wilaya ya Bungoma ili ajifungue. Aliamuliwa aanzishiwe uchungu.

Kwa mujibu wa ushahidi uliowasilishwa mahakamani, mama huyo alilazimika kujinunulia dawa licha ya tangazo hilo la serikali. Aliambiwa kwamba maumivu yakianza atembee mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia. Alipofika huko alikuta vitanda vyote vimejaa. Akiwa njiani kurudi alizimia, akajifungua sakafuni, na alipopata fahamu wauguzi walikuwa wakimpiga makofi na kumtukana.

Mnamo Machi 22, 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamua kwamba haki za mama huyo zilikiukwa, ikiwemo haki ya afya na ya kuheshimiwa utu wake. Aliagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni na aombwe msamaha.

Wengi waliizungumzia hukumu hiyo kama suala la wauguzi kukosa utu. Hilo ni kweli, lakini si lote. Ndani yake mna somo la kitabibu ambalo halikupewa uzito: mwanamke aliyeanzishiwa uchungu kwa dawa hapaswi kuachwa peke yake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeliweka jambo hilo wazi katika mwongozo wake wa mwaka wa 2011. Dawa inayoanzisha uchungu ikishaingia mwilini, tumbo la uzazi linaweza kubana kwa nguvu na kwa mfululizo kupita kiasi. Mtoto anaweza kukosa hewa, na katika hali mbaya zaidi tumbo hilo linaweza kupasuka. Ndiyo maana mwongozo huo unataka shughuli hii ifanyiwe mahali ambapo upasuaji unaweza kufanywa pakitokea haja.

Kwa nini kusubiri nako ni hatari

Ukweli huo wa kutisha umewafanya wengi waamini kwamba salama iko katika kusubiri tu. Mtoto atakuja siku yake, husema wazee.

Tatizo ni kwamba baada ya muda fulani, tumbo la mama huacha kuwa makao salama. Mimba huhesabiwa kuwa imetimia kati ya wiki 37 na 42. Kuanzia wiki ya 41, kondo la nyuma linalomlisha mtoto huweza kuanza kuchoka, maji yanayomzunguka hupungua, na mtoto anaweza kunya humo humo na kuvuta uchafu huo mapafuni. Idadi ya watoto wanaofia tumboni huanza kupanda, ijapokuwa kwa mama mmoja mmoja hatari hiyo hubaki ndogo.

Ni kwa msingi huo WHO inapendekeza mwanamke aliyetimiza wiki 41 aanzishiwe uchungu, mradi umri wa mimba unajulikana kwa hakika. Kabla ya hapo, mwanamke asiye na tatizo lolote hapaswi kuharakishwa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au chupa iliyopasuka mapema ana hesabu yake tofauti, na daktari anaweza kumwamulia mapema zaidi.

Utafiti uliofanywa Uswidi na kuchapishwa mwaka wa 2019 ulihusisha wanawake 2,760. Nusu yao walianzishiwa uchungu wiki ya 41 na wengine wakasubiri hadi wiki ya 42. Ulisitishwa kabla ya wakati wake baada ya watoto 6 kufariki katika kundi la waliosubiri, ilhali katika kundi la kwanza hakufa hata mmoja.

Mwaka uliofuata, uchambuzi wa tafiti 34 zilizohusisha zaidi ya wanawake 21,000 ulionyesha kwamba kuanzisha uchungu hupunguza vifo vya watoto. Lakini ulionyesha pia kipimo cha manufaa hayo: takriban wanawake 544 huanzishiwa uchungu ili kuokoa mtoto mmoja.

Takwimu hiyo inaweza kusomwa kwa njia mbili. Kwa aliyempoteza mtoto, 544 si idadi kubwa hata kidogo. Kwa msimamizi wa wodi yenye vitanda vichache, ni wanawake 544 wanaohitaji kitanda, dawa na jicho la mkunga kwa saa nyingi.

Hesabu ya wiki ya 12

Hapa ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Pendekezo la WHO lina sharti moja: umri wa mimba ujulikane kwa hakika. Mashambani, sharti hilo ndilo gumu kuliko yote.

Tarehe ya kujifungua hukadiriwa kwa kuhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kanuni hiyo humfaa mwanamke anayekumbuka siku hiyo na ambaye mzunguko wake haubadiliki. Haimfai aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, wala aliyekuwa ameacha sindano ya kupanga uzazi muda si mrefu, kwa kuwa hedhi yake huwa imevurugika.

Picha ya ultrasaundi inaweza kuondoa shaka, lakini lazima ipigwe mapema. Ikipigwa katika miezi 3 ya kwanza, hukosea kwa takriban wiki moja. Ikipigwa katika miezi 3 ya mwisho, inaweza kukosea kwa wiki 3, kwa sababu wakati huo watoto hutofautiana kwa ukubwa. WHO ilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba kila mja mzito apigwe picha moja kabla ya wiki ya 24.

Matokeo ya kutojua ni mabaya kwa pande zote. Mama anayedhaniwa kuwa na wiki 41 kumbe ana 37 ataanzishiwa uchungu bure na kujifungua mtoto ambaye hajakomaa vyema. Mama anayedhaniwa kuwa na wiki 39 kumbe ametimiza 42 atarudishwa nyumbani, na huenda akarudi hospitalini mtoto akiwa amenyamaza tumboni.

Kwa maneno mengine, uamuzi wa wiki ya 41 huwa umefanywa wiki ya 12, siku ambayo mama alienda kliniki au hakwenda. Bado wanawake wengi nchini hufika kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa imepita miezi 4, na wengine hungoja hadi tumbo lionekane.

Dawa, mitishamba na mikono michache

Njia za kuanzisha uchungu ni kadhaa. Mkunga huanza kwa kupima mlango wa kizazi, iwapo umelainika na kuanza kufunguka au la. Ukiwa bado mgumu, huweza kutumiwa mpira wenye puto dogo linalojazwa maji, au dawa ya misoprostoli. Ukishalainika, chupa huweza kupasuliwa na mama akatiwa dripu ya oksitosini.

Kila njia ina masharti. Kipimo cha misoprostoli kinachopendekezwa ni mikrogramu 25 kwa mdomo kila baada ya saa 2, ilhali tembe inayopatikana kwa wingi ni ya mikrogramu 200. Anayeikata tembe hiyo kwa makisio anacheza na maisha ya watu wawili. Mwanamke aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi hapaswi kupewa dawa hiyo kabisa, kwa kuwa kovu lake linaweza kuachana. Nayo oksitosini hupoteza nguvu isipohifadhiwa kwenye baridi.

Hatari hizo hizo zimo katika mitishamba ambayo wanawake katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hunywa ili kuharakisha uzazi. Tofauti ni kwamba mitishamba haina kipimo, na anayeinywa mara nyingi huficha. Mkunga asiyejua kwamba mama amekunywa dawa ya kienyeji anaweza kumwongezea ya hospitali juu yake.

Wapo wanaotaja utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2018, uliohusisha wanawake zaidi ya 6,000, ambao ulibaini kwamba walioanzishiwa uchungu wiki ya 39 walifanyiwa upasuaji kwa kiwango kidogo (asilimia 18.6) kuliko waliosubiri (asilimia 22.2). Ushahidi huo unaondoa dhana kwamba kuanzishiwa uchungu ni lazima kuishie kwenye kisu. Lakini hauwezi kuhamishwa mzima mzima hadi katika wodi ambayo mkunga mmoja anahudumia wanawake wengi, na huku mapigo ya moyo wa kila mtoto yanatakiwa yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Isitoshe, mikono hiyo michache hutoweka kabisa nyakati za migomo. Madaktari waligoma kwa siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017. Wauguzi wakafuata kwa miezi 5 mwaka huo huo. Mnamo 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Mimba haingoji mazungumzo ya vyama na serikali.

Kuzaa hospitalini pekee hakutoshi

Ni haki kukiri hatua zilizopigwa. Mwaka wa 2014, asilimia 61 ya watoto nchini walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia utafiti wa kitaifa wa 2022, idadi hiyo ilikuwa asilimia 88. Mpango wa Linda Mama ulichangia ufanisi huo, kabla ya bima ya NHIF iliyousimamia kuondolewa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kuchukua nafasi yake mnamo Oktoba 2024.

Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba wanawake 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Ni idadi ambayo haikupishana sana na ile ya 362 iliyotolewa mwaka wa 2014. Wanawake wamefika hospitalini. Swali sasa ni wanachokikuta huko.

Kwa mama wa Sugoi, yapo mambo aliyo na uwezo nayo. Aandike siku ya hedhi yake. Aende kliniki mara tu anapojihisi mja mzito, na aulize ni wapi atapigwa picha mapema. Mimba ikitimia, ahesabu mchezo wa mtoto kila siku, kwani mtoto aliyepunguza kucheza ni sababu ya kwenda hospitalini usiku huo huo bila kungoja kesho. Vivyo hivyo damu, maji yanayovuja, kichwa kinachouma sana au macho kuingia kiza.

Akishauriwa aanzishiwe uchungu, sheria iko upande wake. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inampa haki ya kuelezwa kabla ya kukubali au kukataa: sababu ni nini, dawa ni ipi, nani atamwangalia, na ikishindikana atapasuliwa wapi. Jibu la swali la mwisho likiwa kwamba atatafutiwa gari, basi safari ya Eldoret ianze kabla ya dawa, si baada yake.

Mengine yako mikononi mwa serikali. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa mnamo Septemba 2023 hupita nyumba hadi nyumba. Hao ndio wanaoweza kumfikia mja mzito katika wiki ya 12. Nazo serikali za kaunti, ambazo zimesimamia afya tangu 2013, ndizo zenye jukumu la kuhakikisha kwamba mashine ya ultrasaundi, jokofu la dawa na mkunga wa zamu ya usiku vinapatikana karibu na mama huyo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inamhakikishia kila Mkenya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Mahakama ya Bungoma ilikwisha kusema kwamba maneno hayo yana uzito, na ikayawekea bei ya Sh2.5 milioni. Itakuwa aibu iwapo mama mwingine kando ya barabara hiyo hiyo atalazimika kwenda mahakamani ili ayathibitishe upya.