Mkono wakazwa Nairobi, kidonda chauguzwa nyumbani
Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limefungua njia kwa huduma kuvuka mipaka. Wagonjwa nao huvuka, wakiwamo waliopungua uzito wanaotaka kuondolewa ngozi iliyolegea kati ya bega na kiwiko. Upasuaji huchukua saa chache tu. Kovu, hata hivyo, hutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, na kwa ngozi zetu nyeusi laweza kuvimba likawa keloidi. Kidonda chataka uangalizi wa wiki kadhaa, ilhali mwenyewe keshapanda basi la Kigali au Arusha. Kikitunga usaha, nani mwenye dhamana? Mabaraza ya madaktari yanayokagua vyuo kwa pamoja yangeanza na hili: asiruhusiwe mgonjwa kuondoka bila ripoti ya upasuaji mkononi.